Ladha ya Nyama Bila Nyama: Viungo vya Pakiti na Chakula cha Mtoto

  Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Leo tutaingia jikoni, tena pale karibu kabisa na jiko, mahali unapoweka chumvi, pakiti ya mchuzi mix, vidonge vya supu na chupa ya tomato sosi. Kama uko jikoni sasa hivi, chukua pakiti moja uishike mkononi tukiendelea kuzungumza. Tutaisoma pamoja.

Kwa nini nimechagua jambo hili? Siku ya kupima watoto uzito, huwa namwuliza kila mama swali moja: jana mtoto alikula nini? Jibu ninalolisikia sana ni "ugali na supu". Nikiuliza ni supu ya nini, mmoja ataniambia ya mifupa, mwingine ya maharagwe, mwingine ya samaki. Lakini kuna jibu jingine ambalo sasa ni la kawaida: "Supu ya Royco." Maana yake ni maji moto, kijiko cha unga wa mchuzi au kidonge kimoja, tone la mafuta, na pengine kitunguu kidogo. Supu hiyo ina rangi nzuri ya kahawia. Inanukia nyama. Mtoto anaimeza bila kelele, na mama anafurahi kwamba leo mtoto amekula.

Hapo niseme neno moja kabla mtu hajaniuliza. Sisi Wakenya tunaita kila unga wa mchuzi Royco, hata kama umetengenezwa na kampuni nyingine, vile tunavyoita kila sabuni ya unga Omo. Sina ugomvi na kampuni yoyote. Nazungumzia aina nzima ya vitu hivi: unga wa mchuzi, vidonge vya supu, sosi za chupa, na mayonezi ya kutia kwenye kachumbari na saladi.

Turudi kwa yule mtoto. Ukifungua kijitabu chake cha kliniki, unakuta mstari wa uzito ulikuwa unapanda vizuri hadi miezi sita, halafu ukalala. Mama hajamnyima chakula. Mtoto anashiba kila siku. Lakini anashiba ugali na maji yenye chumvi. Ulimi wake unaambiwa kwamba amekula nyama, mama naye pua yake inamwambia hivyohivyo, kumbe mwili wa mtoto haujapata chochote cha kujengea misuli, damu wala ubongo. Protini iliyomo katika kidonge kimoja kilichoyeyushwa kwenye sufuria ya maji ni kidogo mno, huwezi kuihesabu.

Kudumaa kwa watoto kumepungua nchini mwetu, na tunashukuru. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulipata kwamba watoto 26 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ule wa mwaka 2022 ulipata 18 kati ya 100. Hata hivyo 18 kati ya 100 ni watoto wengi. Ukienda darasa la chekechea lenye watoto hamsini, tisa kati yao ni wafupi kuliko inavyofaa umri wao.

Sasa, vitu hivi vilitoka wapi? Nitawaambia kwa ufupi, maana ni hadithi inayotuhusu sisi wanawake. Katika miaka ya 1880 huko Uswisi, wanawake wengi walikuwa wameingia kufanya kazi viwandani. Walirudi nyumbani jioni wamechoka, hakuna wakati wa kuchemsha maharagwe saa tatu, na familia zao zikawa zinakula vibaya. Daktari mmoja aliyekuwa mkaguzi wa viwanda, Fridolin Schuler, alihimiza kitafutwe chakula cha bei nafuu, chenye nguvu na kinachoiva haraka. Julius Maggi, mwenye kinu cha kusaga nafaka, ndiye aliyeitikia. Akatengeneza unga wa njegere na maharagwe ambao ukiuchemsha kidogo tu unapata supu nzito. Kufikia 1886 alikuwa anauza supu hizo za unga pamoja na maji meusi ya kukolezea. Mwaka 1908 kikafuata kidonge cha supu.

Umesikia vizuri? Kitu cha kwanza kilikuwa unga wa njegere na maharagwe, yaani chakula chenyewe. Kidonge kilikuja baadaye, na kazi yake ilikuwa kutia ladha. Kwetu Afrika kilichoenea hadi kijiji cha mwisho ni kidonge. Wale maharagwe tumeachiwa tuyachemshe wenyewe.

Mwaka huohuo wa 1908, huko Tokyo nchini Japani, Profesa Kikunae Ikeda alichunguza mwani wa baharini ambao Wajapani huchemshia supu. Alitaka kujua kwa nini supu hiyo ina utamu kama wa nyama na haina nyama. Akapata kitu kinachoitwa glutameti. Glutameti ikiunganishwa na sodiamu inakuwa unga mweupe, ambao ulianza kuuzwa 1909 kwa jina la Ajinomoto. Kwenye pakiti utaona umeandikwa MSG, au E621.

Najua mengi yanasemwa juu ya MSG. Nimeulizwa kama inaleta saratani, kama inaua ubongo wa mtoto. Kamati ya wataalamu ya FAO na Shirika la Afya Duniani iliichunguza mwaka 1987 na haikuona sababu ya kuiwekea kiwango cha mwisho. Glutameti imo ndani ya nyanya iliyoiva, imo ndani ya uyoga, na hata maziwa ya mama yanayo kwa wingi. Mtoto anaijua ladha hiyo tangu akiwa titini. Kwa hivyo mama, usipoteze usingizi wako kwa sababu ya MSG. Katika pakiti hiyo kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi, nalo ni chumvi.

Tuisome pakiti sasa. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hivyo kama macho yako hayaoni vizuri au Kiingereza kinakupiga chenga, mwite mtoto wa shule akusaidie. Tafuta mahali palipoandikwa "ingredients", yaani vitu vilivyochanganywa. Kanuni ni kwamba kile kilicho kizito zaidi kinatajwa kwanza, kinafuatiwa na kinachopungua kidogo, hivyo hadi mwisho. Kama neno la kwanza ni "salt" au "iodised salt", basi ujue umenunua chumvi iliyotiwa vitu vingine. Kwa unga wa mchuzi, mara nyingi utakuta chumvi na wanga wa mahindi, yaani "corn starch", vinagombania nafasi ya kwanza. Wanga ndio unaofanya mchuzi uwe mzito. Halafu inafuata sukari, mafuta, dhania, manjano, kitunguu cha unga, rangi. Nyama, ukiiona, itakuwa mwisho kabisa, na mara nyingi huioni.

Halafu angalia upande wa mbele. Pale penye picha ya bakuli la nyama pameandikwa "beef flavour". Neno hilo "flavour" maana yake ni ladha. Hawajakudanganya. Wameandika wazi kwamba wanakuuzia ladha ya ng'ombe, ng'ombe mwenyewe hayumo.

Usifikiri kwamba watu wa kiwandani wanatia chumvi nyingi kwa roho mbaya. Chumvi ni rahisi kupata, ni nzito kwenye mizani, inakoleza, na inazuia vijidudu. Unga unakaa dukani mwaka mzima bila kuoza kwa sababu ni mkavu na una chumvi. Vidonge navyo hutengenezwa kwa kuchanganya chumvi, wanga, mafuta ya mawese na viungo mpaka mchanganyiko ushikamane, kisha unakandamizwa na mashine na kufungwa katika karatasi. Kwa kawaida nusu ya uzito wa kidonge, au zaidi, ni chumvi.

Sasa tufanye hesabu ya sufuria. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kutoka kila mahali: ya mboga, ya mkate, ya chapati, ya crisps, yote pamoja. Hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Huko Uingereza, idara ya afya inawaambia wazazi kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asizidishe gramu 1 kwa siku, na wa mwaka mmoja hadi mitatu asizidishe gramu 2.

Wewe unapika sukuma wiki na nyanya kwa watu sita. Unatia vidonge viwili vya gramu 4 kila kimoja. Nusu yake ni chumvi, kwa hivyo umetia gramu 4 za chumvi. Kisha mkono unaenda kwenye kopo la chumvi kwa mazoea na kutia kijiko cha chai, gramu 5 nyingine. Jumla ni 9. Gawanya kwa sita: kila mtu amepata gramu moja na nusu kwa mboga ya mlo mmoja. Mtoto wa miaka miwili aliyepewa sawa na wenzake amebakiza nusu gramu kwa siku nzima, na bado hajala mkate wa asubuhi wala githeri ya mchana. Yule wa miezi minane amepita mpaka wake kwa mlo mmoja tu.

Figo za mtoto mchanga hazijakomaa. Kazi ya kutoa chumvi mwilini ni ngumu kwake kuliko kwako. Ndiyo maana kule kliniki tunasema: hadi miezi sita, maziwa ya mama peke yake. Kuanzia miezi sita unaanza kumpa chakula kingine huku ukiendelea kumnyonyesha, na chakula hicho, mpaka afikishe mwaka mmoja, kisitiwe chumvi wala sukari. Kidonge cha supu ni chumvi. Unga wa mchuzi ni chumvi. Sosi ya soya ndiyo usiseme: kijiko kimoja kikubwa kina chumvi zaidi ya gramu 2.

Mama ataniambia, "Sista, uji bila chumvi hauna ladha, atakataa." Usipime chakula cha mtoto kwa ulimi wako. Ulimi wako umekula chumvi miaka thelathini. Wa mtoto bado ni mgeni. Kwake yeye viazi vitamu vina ladha, malenge yana ladha, ndizi iliyopondwa ina ladha kali. Akikataa leo, mpe tena kesho na kesho kutwa. Mtoto huhitaji kuonja kitu mara nyingi kabla hajakikubali. Ukimzoesha chumvi sasa, ulimi wake utaidai maisha yake yote.

Na hayo maisha yote ndiyo yanayonitia wasiwasi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulipata kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa presha hata mara moja. Presha haiumi. Mtu anatembea nayo sokoni, anabeba kuni nayo, anacheka nayo, mpaka siku anapopooza upande mmoja. Na katika nyumba nyingi mgonjwa wa presha ni nyanya. Nasema nyanya mtu, si ile ya kutia kwenye mchuzi. Anakula kutoka sufuria ileile na wajukuu. Daktari amemkataza chumvi, binti yake ameficha kopo la chumvi, lakini kidonge kinaendelea kuingia sufuriani kwa sababu hakuna mtu aliyemwambia kwamba nacho ni chumvi. Mama wengi huniambia kwa moyo safi kabisa, "Sisi kwetu hatutii chumvi, tunatia Royco pekee."

Pakiti nyingine haziandiki neno chumvi katika jedwali la nyuma. Zinaandika "sodium". Sodiamu ni sehemu moja ya chumvi. Ukitaka kujua chumvi ni ngapi, zidisha sodiamu kwa mbili na nusu. Kwa mfano, pakiti ikisema katika gramu 100 kuna sodiamu gramu 16, zidisha: hiyo ni gramu 40 za chumvi. Kama imeandika kwa miligramu, kumbuka miligramu 1,000 ni gramu moja. Ni hesabu ya darasa la tano. Mpe mtoto wako aifanye, atafurahi kuonyesha kwamba anajua.

Kuna upande mwingine wa chumvi ambao lazima niuseme, la sivyo mtu ataondoka hapa akitupa chumvi yote nje. Chumvi yetu nyingi inatoka kule Gongoni na Marereni, upande wa Magarini katika Kaunti ya Kilifi, ambako maji ya bahari hukaushwa kwa jua katika mabwawa. Kabla ya kuuzwa, sheria inataka itiwe madini ya ayodini. Mama mjamzito asipopata ayodini ya kutosha, ubongo wa mtoto aliye tumboni unaumia, na hauwezi kurekebishwa baadaye. Zamani sehemu za milimani ungewaona watu wengi wenye rovu shingoni, na ukosefu wa ayodini ndio ulioleta hayo. Kwa hivyo chumvi unayotumia, iwe kidogo, lakini iwe ile yenye ayodini. Iweke kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na moshi na mvuke, na uitie chakula kikikaribia kuiva. Wazalishaji wengine wa vidonge nao hutumia chumvi yenye ayodini. Utajua kwa kusoma hilo neno "iodised".

Tugeukie sosi za chupa. Tomato sosi ya kiwandani huanza na nyanya zilizochemshwa mpaka maji yakapungua na kubaki rojo nzito. Rojo hiyo inachanganywa na maji, siki, sukari, chumvi, na katika sosi za bei ya chini, wanga na rangi nyekundu pia. Siki na sukari havimo kwa ajili ya utamu peke yake. Vinazuia sosi isioze. Mzee Heinz wa Marekani, ambaye alianza kuuza sosi yake mwaka 1876, aliamua baadaye kuacha dawa ya kuhifadhi inayoitwa benzoeti, na akaweza kwa kutumia nyanya zilizoiva sana, siki zaidi na sukari zaidi. Hiyo sukari bado imo. Kijiko kikubwa kimoja cha sosi ya namna hiyo kina sukari inayokaribia kijiko kimoja cha chai. Mtoto anayefunika sahani nzima ya chips kwa sosi anakunywa soda kwa njia nyingine. Sijasema mtoto mkubwa asiguse sosi. Kijiko kimoja siku ya chips hakijavunja nyumba. Lakini isihesabiwe kama mboga.

Na ile sosi ya kibandani, ya chupa ya plastiki isiyo na jina? Muulize mwenye kibanda anaijaza kutoka wapi. Baadhi huongeza maji ili ifike jioni. Ukiongeza maji umepunguza makali ya siki, na vijidudu vinapata nafasi, hasa kama maji yenyewe hayakuchemshwa. Tumbo la mtoto mdogo litakujulisha usiku.

Mayonezi nitaipitia haraka, maana wengi wetu hatuitumii kila siku. Ni mafuta yaliyopigwa pamoja na yai na siki. Kijiko kikubwa kimoja kina mafuta karibu gramu 10. Ya kiwandani hutumia mayai yaliyopashwa moto kuua vijidudu. Ile ya kutengeneza nyumbani kwa yai bichi, usimpe mtoto mdogo wala mama mjamzito. Chupa ikishafunguliwa inataka friji. Kama huna friji, nunua pakiti ndogo inayoisha siku hiyohiyo, au fanya kachumbari yako kwa ndimu na dhania, ambayo kwa maoni yangu ni tamu zaidi.

Kuna hatari nyingine ambayo ni ya hao wanaosaga na kuchanganya viungo, na hii mama hawezi kuionja kwa ulimi. Ni rangi. Mwaka 2005 huko Uingereza, zaidi ya aina 400 za vyakula ziliondolewa madukani kwa sababu ya pilipili ya unga iliyokuwa imetiwa rangi ya viwandani inayoitwa Sudan. Pilipili hiyo ilikuwa imeingia katika sosi moja, na sosi hiyo ikaingia katika vyakula vingine mia kadhaa. Mwaka 2019 watafiti wakaonyesha kwamba huko Bangladesh manjano yalikuwa yanatiwa rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae, na serikali ya huko ikachukua hatua kali. Mwaka 2023 mamia ya watoto wadogo Marekani walipatikana na risasi katika damu baada ya kula matunda yaliyopondwa yaliyotiwa mdalasini. Inaaminika kwamba mdalasini huo ulikuwa umetiwa rangi kabla ya kufika kiwandani. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama.

Nawaambia haya ili mjue jinsi ya kununua, msije mkaogopa kila kitu. Manjano yanayong'aa kuliko kawaida, yanayopimwa kwa kijiko kutoka gunia lililo wazi kando ya barabara, yaache. Ukiweza, nunua dhania, bizari, mdalasini na pilipili manga zikiwa nzima, usage mwenyewe kwa kinu. Ni vigumu kumdanganya mtu kwa kiungo kizima. Ukinunua cha pakiti, tafuta alama ya ubora ya KEBS, tarehe ya mwisho wa matumizi, na jina na mahali pa mtengenezaji. Pakiti isiyosema imetoka wapi, irudishe kwenye rafu.

Basi tupike vipi? Kwanza kabisa, toa sehemu ya mtoto kabla hujatia chumvi au kidonge. Chemsha mboga, viazi, ndengu au nyama kwa kitunguu na nyanya, zikiiva teka za mtoto kwenye bakuli lake na uziponde. Baadaye ndipo ukoleze za watu wakubwa. Haikugharimu kuni nyingine wala sufuria nyingine. Mama mmoja aliniambia kwamba sasa huteka na za nyanya wakati huohuo, na mzee halalamiki tena kwamba anapikiwa kama mgonjwa, kwa sababu wanakula pamoja naye mwenyewe anajikolezea kwa ndimu.

Pili, mtoto akipewa supu, ndani ya supu kuwe na kitu. Omena iliyokaushwa vizuri, ukaitoa vichwa, ukaisaga, kijiko kimoja kwenye uji au viazi vyake kina protini na madini ambayo kidonge hakiwezi kukupa. Njugu karanga zilizosagwa pia, mradi ziwe kavu na zisizo na ukungu. Yai. Maharagwe yaliyopondwa na kutolewa maganda. Kipande cha ini mara moja kwa wiki, ukiweza. Ukichemsha mifupa, mnyofoe mtoto nyama iliyo juu yake, uikatekate, maana nguvu haijahamia yote kwenye maji kama tunavyopenda kuamini. Mara nyingi baba hupewa nyama na mtoto hupewa supu. Tafadhali, akina baba mnaosikiliza, mgawie mtoto.

Kwa watu wakubwa wa nyumba, sikuambii utupe vidonge leo. Najua vinafanya sukuma ya shilingi ishirini iliwe kwa furaha, na hilo si jambo dogo. Ila chagua kimoja: ukitia kidonge, usitie chumvi. Kama ulikuwa unatia viwili, tia kimoja kwa wiki mbili, ndimi zikizoea tia nusu. Ongeza tangawizi, kitunguu saumu, dhania, ndimu au ukwaju kama wafanyavyo wa Pwani. Vitu vyenye uchachu hufanya ulimi usitafute chumvi sana. Mchuzi mix yako mwenyewe unaweza kuikaanga kavu Jumamosi moja: mbegu za dhania vijiko vitano, bizari nyembamba viwili, pilipili manga kimoja, kipande cha mdalasini, manjano kidogo. Saga, weka kwenye chupa kavu iliyofungwa vizuri. Itakaa mwezi mzima, na haina hata chembe ya chumvi.

Swali moja huulizwa sana siku hizi, juu ya chumvi zinazouzwa kwa jina la chumvi yenye sodiamu kidogo. Hizo hutiwa potasiamu badala ya sehemu ya sodiamu. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaokubali watu wazima wenye afya wazitumie nyumbani. Lakini mwongozo huo hauhusu watoto, akina mama wajawazito, wala watu wenye ugonjwa wa figo. Kama kuna mmoja wa hao katika nyumba yako na mnakula sufuria moja, ongea kwanza na daktari au muuguzi.

Na kama mstari wa uzito wa mtoto wako umelala miezi miwili mfululizo, au nywele zake zimekuwa nyepesi na za rangi ya kutu, au miguu imevimba, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda kesho asubuhi. Huduma ya kupima uzito na kukushauri kuhusu lishe inapatikana katika zahanati na vituo vya afya vya serikali, na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako atakuonyesha njia. Muuguzi akikuuliza mtoto amekula nini, mwambie ukweli, hata kama ni ugali na supu ya Royco. Hatutakucheka. Tutakaa tuone katika hicho kilichoko nyumbani kwako kuna nini cha kuongeza.

Ile pakiti uliyoshika, usiitupe ikiisha. Njoo nayo kliniki siku yako ya zamu, tuisome pamoja. Wiki ijayo nitazungumza juu ya maji ya kunywa na jinsi ya kuyahifadhi.